Mabega ya Karani

Wateja wa Fundi walikuwa wakining'inia ukutani. Si picha zao, bali miili yao. Kila mmoja alikuwa na karatasi zake za kaki, ya mgongo, ya kifua, ya mkono, zimetobolewa na kutundikwa kwenye msumari wake. Mama huyu hakuwa mtu wa kupima upya kila mara. Mteja akinenepa, alibandika kipande cha karatasi ubavuni, akikonda, alikunja. Ukijua kuzisoma, ungejua nani alipandishwa cheo, nani alifiwa, na nani alidanganya aliposema ameacha soda.

Fahari yake ilikuwa karatasi za Karani. Karani wa mahakama alianguka utotoni, na bega lake la kushoto likabaki chini ya la kulia kwa vidole vitatu. Kwa miaka ishirini na miwili Fundi alimshonea makoti: pamba kidogo hapa, ukosi umekatwa kwa hila pale, mshono umepinda ili mtu aonekane amenyooka. Karani akawa anaingia kazini wima kama rula. Wenzake walidhani ni majivuno.

Binti wa pekee wa Fundi alikuwa mwalimu, ingawa hakuna shule iliyomwajiri. Aliwafundisha watu kuishi, kwa njia ya simu. Punguza vitu. Miliki nguo kumi na mbili tu, ziwe zimekukaa sawasawa. Zima simu Jumamosi na Jumapili. Ubaya ni kwamba mafundisho yenyewe yalikuwa mazuri. Fundi mwenyewe alikuwa na magauni manne, na simu aliigusa ilipolia tu. Hakujua kama huo ni mtindo. Alidhani ni hali.

Ijumaa moja binti alifika, amevaa rangi ya uji kutoka shingoni hadi viatuni, amebeba magunia matupu.

"Mama, leo nakupa zawadi. Nakusafishia chumba cha kazi."

"Nilifagia asubuhi."

"Si kufagia, jamani! Vitu vikizidi, roho inakosa pa kukaa."

"Yangu inakaa kwenye stuli ile, mwanangu. Haijawahi kulalamika."

Binti alicheka, akamshika mabega na kumsukuma nje taratibu. "Kaa hapo. Ukirudi ushangae. Ila ushangae kweli, Mama, usiigize. Watu wanajua."

Fundi alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa muda wa saa mbili nzima. Binti huyu alikuja mara mbili kwa mwaka, na mama hamkatalii mgeni aliyemzaa mwenyewe. Alipoitwa, alikuta chumba cheupe, cherehani katikati kama mgonjwa anayengoja daktari, na juu ya meza chupa yenye tawi moja kavu. Ukutani hapakuwa na kitu. Simu ya binti ilikuwa imemwelekea usoni.

"Unajisikiaje, Mama?"

"Mwepesi," alijibu, akaegemea cherehani.

Hakuuliza karatasi ziko wapi. Alidhani zimepangwa kabatini. Nani anatupa miili ya watu? Halafu gari likapiga honi, binti akambusu, akaondoka.

Kesho yake asubuhi mke wa Karani alibisha hodi.

"Fundi wangu, nimekuja mbio. Jumamosi ijayo mwanetu anaolewa, na mzee hainuki kitandani tangu mwezi uliopita. Siku yenyewe tutamkalisha kwenye kiti cha magurudumu. Anasema harusini hatavaa koti lingine ila la kwako, na ya zamani alishayagawa. Nikamwambia usihangaike, kipimo chako Fundi anacho."

"Ninacho," alisema Fundi, akafungua kabati. Ndani mlikuwa na mkasi, chaki na kopo la vifungo, vimepangwa kwa urefu.

Mgeni alipotoka, Fundi alimpigia binti. Sauti tamu ikajibu: "Niko kwenye utulivu wangu wa wikendi. Nitakurudia Jumatatu. Kumbuka kupumua." Alipiga mara tisa, akakumbushwa kupumua mara tisa. Alikwenda jalalani na kukuta tingatinga limeshapita. Alasiri jirani akamwonyesha video: Fundi mwenyewe, macho yametoka, akisema "mwepesi". Simu ya binti ilikuwa imezimwa, lakini video ilikuwa imepangiwa saa ya kutoka. Siku hizi hata kimya kina ratiba.

Jumapili Fundi alichukua tepu yake, akaenda kwa Karani. Alimpima amelala. Alipima kifua, mkono na mgongo, na kila alipofika mabegani aliona balaa lile lile: mtu akilala, mabega yote mawili yako sawa. Godoro halijui aibu ya mtu.

"Unapima nini, Fundi?" Karani aliuliza kwa sauti iliyopungua. "Wewe si unanijua kuliko mama yangu?"

"Umepungua kidogo, mzee."

"Bega halijapungua."

"Najua."

Jumatatu binti alipiga. "Mama, mara tisa! Hiyo ndiyo tabia tunayowafundisha watu kuiacha."

"Zile karatasi za ukutani ulizipeleka wapi?"

"Zile za vumbi? Zina gundi, mende wanazila! Zimeenda, Mama. Watu elfu arobaini wamekupenda, na wewe unaulizia makaratasi."

Fundi alikata koti kwa kumbukumbu. Mkono ulikumbuka vidole vitatu, lakini ukasahau vile vipande alivyobandika mwaka baada ya mwaka, nusu kidole huku, robo kule. Alifumua mara nne. Ijumaa alilipeleka.

Picha za harusi alizionea kwenye simu ya jirani. Bibi harusi amependeza. Kando yake Karani kwenye kiti, ukosi umeachana na shingo upande wa kushoto, na bega limeporomoka mbele ya mahakama nzima, hakimu akiwemo. Siri ya miaka ishirini na miwili ilikuwa imefumuka mchana kweupe.

Mke wa Karani alirudi kusema asante. Alizungumzia mvua, chakula, wageni. Mlangoni akageuka.

"Mzee anakusalimu sana. Anasema usijilaumu, macho huzeeka. Hata yeye amezeeka."

Fundi angeweza kusema. Neno lilikuwa mdomoni, na lilikuwa la kweli. Lakini lingemtaja mwanawe, na mama hamwaniki mwanawe kama nguo mbichi. "Mwambie ni kweli," alisema. "Macho."

Wiki ile wateja wawili walikuja kuchukua vitambaa vyao ambavyo havijakatwa. Walikuwa na adabu. Walisema wamepata safari.

Simu ikalia. Alikuwa binti, mwenye furaha.

"Mama, nimeamua. Sinunui tena nguo za dukani, hazinikai. Nataka koti moja tu, la maisha yangu yote, ushone wewe. Halafu tuonyeshe watu. Nimebanwa, siwezi kuja, lakini kipimo changu si unacho?"

Fundi aliutazama ukuta mweupe. Msumari mmoja ulikuwa umesahaulika, ule wa chini karibu na dirisha, ambapo alimtundikia binti huyo karatasi zake tangu alipokuwa na miaka minne, akiongeza kipande kila mwaka.

"Nilikuwa nacho," alisema.

"Mama? Sikusikii. Mtandao."

"Nasema nakumbuka kupumua, mwanangu."