Nilimzuia Shemeji Asimfuate Mume Wangu Shimoni

Admin, naomba unifichie jina. Mimi ni bibi wa miaka sabini na kitu, naishi Kasanda peke yangu, na anayeniandikia haya ni binti wa jirani. Wanangu mnaosoma, nivumilieni, nayasema huku nalia.

Tulikimbia Burundi miaka ya sabini nikiwa msichana, tukafikia Makere, huku huku Kigoma. Miaka hiyo hiyo nikaolewa Kasulu mjini na kijana wa Kiha, fundi mwashi. Alinipenda, jamani. Alijenga nyumba yenye choo cha maji ndani, majirani wakawa wanakuja kukitazama. Tukapata mtoto wa kiume. Mama mkwe hakunitaka, aliniita "yule mkimbizi" hata mbele ya wageni, lakini mume wangu alinitetea.

Masika moja choo kikaanza kugoma. Ukimwaga maji yanapanda, yanakaa, halafu yanashuka polepole huku bomba likikoroma. Bafuni nako yakawa yanasimama. Mama mkwe akasema natupa matambara chooni, eti kwetu hatujazoea. Mume wangu akafungua chemba ya nje karibu na ukuta, kile kishimo bomba linapopita kwenda shimo la maji taka, akaikuta imejaa pomoni. Akamwambia mama yake, "Siyo yeye. Pangeziba ndani, chemba hii ingekuwa kavu. Pameziba mbele, shimoni."

Kesho yake, yeye na mdogo wake, nimwite Elia, wakafunua shimo la maji taka. Maji yalikuwa yamelifunika bomba la kutolea maji. Mume wangu akasukuma mwanzi bombani, ukagonga kitu, haukupita. Wakachota kwa ndoo mpaka bomba likaonekana, limejaa mizizi ya mkaratusi. Mume wangu akachukua panga, akateremsha ngazi.

Nikamwambia, "Baba, harufu hii imenitisha. Liache wazi kwanza lipate hewa."

Mama mkwe akadakia, "Unamfundisha fundi kazi?"

Mume wangu akacheka. "Nakata mizizi tu, natoka."

Tukasikia panga kidogo, kisha kimya. Nilipochungulia, alikuwa ameangukia tope kifudifudi. Elia akakanyaga ngazi amfuate. Nikamkamata kiunoni, nikapiga yowe la kwetu, "Mawe we! Mama yangu! Usishuke, hewa ya mle inaua!" Kwetu niliwahi kuona kisima kikiua mtu, na ndugu aliyemfuata akafia juu yake. Elia alinipiga viwiko vya mbavu, sikumwachia. Watu walipokuja wakamtoa mume wangu kwa kamba na kulabu, alikuwa ameshakata roho.

Matangani mama mkwe akasimama, akasema, "Mke gani anamzuia mtu kumwokoa ndugu yake? Huyu ndiye kaniulia mwanangu." Elia alikuwa amekaa pale pale. Aliinamisha kichwa, akaacha watu waamini hivyo. Nikafukuzwa. Mtoto alikuwa bado ananyonya, wakamfungua mgongoni mwangu. Nilirudi Makere maziwa yakinivujia kwenye kanga. Kila nilipokwenda kuomba nimwone, walinifungia mlango.

Mwaka huu mwanangu kanitafuta mwenyewe. Ana mvi. Nilimkumbatia, yeye akasimama tu kama mti. Akasema, "Binti yangu anaolewa. Nataka uje ukae kama bibi yake. Ila ukoo umesema kwanza uombe radhi mbele ya watu, kwa kifo cha baba."

"Nani kasema?"

"Baba mdogo Elia. Ndiye mkubwa wetu sasa."

Nikamuuliza, "Na wewe mwanangu, unaamini nilimuua baba yako?"

Akatazama chini. "Mama, ndivyo nilivyolelewa."

Sijaolewa tena maisha yangu yote. Nikiomba radhi, nimekubali kwa kinywa changu kwamba nilimuua mwanaume pekee niliyempenda. Nikikataa, nitazikwa bila kumshika mkono mjukuu wangu. Nikisema kilichotokea, kwamba nilimwokoa Elia naye akaacha nisingiziwe, namvua nguo hadharani mzee aliyemlea mwanangu kama baba, na mwanangu anaweza kunichukia upya.

Harusi imekaribia. Ndugu zangu, mngekuwa mimi, mngesimama mbele ya ule ukoo mseme nini?