Herminio Aliyeacha Mkasi

Mdogo wangu Herminio alikuwa kinyozi, tena kinyozi mbovu. Nusu ya wanaume wa mlima wetu wana makovu masikioni. Wageni walipoanza kumiminika kutafuta uyoga wa maono, akatupa mkasi, akachomeka manyoya ya bata mzinga kichwani, akanunua ngoma, akajiita mganga. Ngoma! Tangu lini sisi Wamazateki tukala uyoga kwa ngoma? Lakini wageni waliitaka, akawapigia.

Mama yetu ndiye aliyekuwa mganga. Ukibisha hodi, anakuuliza kwanza: unaumwa nini, umekunywa dawa gani? Akishakupa uyoga, habanduki hapo mpaka ukuishe kichwani. Herminio alikulia kwenye mkeka ule ule, asiambulie kitu.

Mwezi wa saba akaja binti wa Kiholanzi, Anneke, na chupa ya vidonge vya kutuliza akili.

"Niendelee kuvimeza?"

"Meza, usimeze, uyoga haujali, binti yangu."

Nikamwambia, "We Herminio! Si umuulize ni vya nini?"

"Dada, geuza tortilla zako, zinaungua."

Akampa uyoga saa nne asubuhi. Nusu saa baadaye binti akasema hajaona maono yoyote. Bwana mganga akamwongezea mara mbili, halafu huyoo, kwa jirani kutazama mpira!

Nikasikia kishindo. Nilimkuta Anneke sakafuni, mwili wote unatetemeka, povu mdomoni. Nikamlaza ubavu, nikapiga yowe, majirani wakaja, tukambeba kwa blanketi hadi zahanati, pamoja na chupa yake ya vidonge. Daktari aliposoma ile chupa alishika kichwa.

"Dawa hizi na uyoga? Nani kamruhusu?"

Aliyemruhusu alikuwa amejifungia chooni. Mwanamume mzima, na ndevu zake!

Anneke hakufa. Ila kifafa kikawa kinamrudia, na ulimi ukawa mzito, hamalizi neno. Wiki ya pili baba yake akaja kumchukua. Herminio naye akajitokeza, kanyoa, kanukia.

"Ni wewe uliyemuokoa mwanangu?" mzee akauliza.

Herminio akainamisha kichwa kama mtawa. Mshenzi! Mzee akaanza kumbusu mikono huku analia, kisha akanigeukia.

"Kweli ni huyu, mama?"

Anneke alinikazia macho. Midomo yake ilihangaika, sauti haikutoka.

"Ndiye," nikasema.