Jina Lililobaki Kwenye Fomu ya Bima

Baba alistaafu jeshi nikiwa kidato cha pili, akafa mimi mwenyewe nikiwa mwalimu wa kidato cha pili. Tulimzika kwao Kagera, tukarudi Mwanza, na baada ya matanga mama akaniambia, "Kuna bima ya maisha. Alijiunga akiwa kazini, na alipostaafu akaiendeleza. Nisindikize nikaulize."

Tuliuliza miezi mitano. Mara ya kwanza cheti cha kifo kilikuwa na kasoro. Mara ya pili tuliambiwa jina la baba jeshini liliandikwa kwa R na kwenye kitambulisho kwa L, kwa hiyo tukaandikishe hati ya kiapo kwamba marehemu ni mtu mmoja. Mara ya tatu faili lilikuwa halijafika kutoka makao makuu. Kila safari niliomba ruhusa shuleni, na kila safari mama alivaa gauni lilelile jeusi, akapanda ngazi za ofisi ile akishika ukuta.

Mara ya nne faili lilikuwa mezani. Afisa, dada mmoja mpole, alilisoma, akalisoma tena, kisha akamuuliza mama jina lake kamili. Mama akalitaja.

"Mama, siyo lililoandikwa hapa," alisema. "Mnufaika ni mwingine. Ameandikwa kama mchumba, mkazi wa Magu."

Nikasema mama ana cheti cha ndoa, ya kanisani, na watoto wanne.

"Naelewa, mwalimu. Lakini sheria inatazama jina lililo kwenye fomu. Ndoa haibadilishi fomu, anayeibadilisha ni mwenye bima. Mzee hakubadilisha." Akaongeza kwamba kuna mapendekezo wastaafu wawe wanaitwa kuhakiki majina. Labda sheria itarekebishwa. Kwa sasa, alisema, yule mama wa Magu akiwa hai anaweza kuchukua, au akatae kwa kiapo, na bima iingie kwenye mirathi.

Mama alishuka ngazi akishika ukuta mpaka tukafika nje. "Namfahamu," akasema. "Alikuwa wa kabla yangu."

Jumamosi tulipanda gari la Magu, stendi ya Buzuruga. Magu hatukupata shida kumpata. Ni fundi cherehani, na kila tuliyemuuliza alinyoosha kidole kwenye kibanda kimoja karibu na barabara. Alikuwa mkubwa kuliko mama, mwembamba, na futi ya kupimia imening'inia shingoni.

"Shikamoo, mama," nilisema.

"Marahaba, mwanangu. Mnashonesha sare?"

Nilimweleza sisi ni nani. Aliposikia baba amekufa aliondoa mguu kwenye pedali, akatupa pole. Kisha nikamweleza habari ya fomu.

"Aliniandika akiwa kijana, wanapelekwa mpakani," alisema. "Tulipoachana nilimwambia afute. Akasema ameshafuta."

Mama alikuwa ameketi kwenye benchi la wateja, miguu imemvimba. "Dada," alisema, "sikuja kukulazimisha. Kama ndivyo alivyotaka, chukua. Mimi nimechoka."

"Hakutaka, mdogo wangu. Alisahau."

"Miaka yote hiyo?"

"Wewe umeishi naye. Alikuwa anakumbuka nini?"

Mama akacheka, kicheko kifupi kilichokwisha kikawa kilio, na yule mama akamwacha alie, akaenda kuzima redio.

Wiki iliyofuata alikuja Mwanza kwa nauli yake, akaapa mbele ya hakimu kwamba anakataa. Nilipomwalika nyumbani Kiseke kula, alisema ana nguo za harusi za watu, akaondoka. Nilitaka kumuuliza kama aliolewa, kama mumewe alimwachia chochote. Sikuuliza. Niliogopa jibu.

Mirathi ilichukua karibu mwaka. Bima ilipoingia nilidhani mama atafurahi. Alitengeneza paa, akamlipia mdogo wangu chuo, akanituma Magu na doti mbili za vitenge. Yule mama alizipokea kwa mikono miwili, akauliza mama anaendeleaje na miguu.

Niliporudi nilimkuta mama anachambua mchele. Nikampa salamu za Magu. Aliendelea kuchambua.

"Baba yako alikuwa na kalamu," akasema baadaye. "Kila siku mfukoni mwa shati alikuwa na kalamu."

Nikavuta kigoda, nikachukua ungo wa pili, tukachambua pamoja mpaka mchele ukaisha.