Jiko la Shosho kwa Pikseli Tatu

Nina hasira, na wacha niseme mapema: nyingi ni za kujikasirikia mwenyewe.

Anko aliamua kubomoa nyumba ya shosho, nyanya yangu, kule Molo ajenge ya mawe. Nikaomba wiki moja. Nilikuwa nimesoma kozi ya kompyuta hapa Nakuru, tukafundishwa kupiga kitu picha nyingi kutoka kila upande, kisha programu inaziunganisha na kukupa umbo lake lote. Mimi nilitaka jiko. Lile jiko la mbao nyeusi kwa masizi ndilo lililonilea. Hapo nilikausha yunifomu asubuhi za baridi, nikala viazi vya majivuni, na hapo ndipo shosho alinitazama tu akajua nina mimba.

Nikapanda Molo, mtoto mgongoni, simu mkononi. Shosho kusikia picha, akashika ufagio. Kila nikipiga, yeye anasogeza kigoda, anahamisha debe, anakunja gunia.

"Shosho, usiguse kitu!"

"Watu waone uchafu wangu? Wewe piga, mimi napanga."

Nikamfokea. Bado inaniuma.

Nikarudi kwangu Lanet, programu ikasema kosa ni pikseli nne, vile vitone vinavyounda picha. Inavyofanya, inatafuta alama ileile kwenye picha kadhaa, inakadiria ilipaswa kuangukia wapi, halafu inapima imekosea kwa umbali gani. Mwalimu alituambia lisizidi moja. Basi nikafuta picha zenye kosa kubwa, moja baada ya nyingine, mpaka nambari ikapendeza. Sifuri nukta sita! Nikampigia anko: bomoa.

Nyumba ilikuwa tayari rundo la mbao nilipokaa kuizungusha kazi yangu vizuri. Sebule safi. Mlango safi. Jiko? Shimo tupu. Mjinga mimi. Picha nilizofuta zilikuwa za jiko, maana huko ndiko vitu vilikotembezwa. Ile nambari ndogo ilisema tu kwamba picha zilizobaki zinakubaliana. Nimeacha nini nje, haikujua. Nilipaswa kufuta alama za kigoda na debe, basi. Ukuta nyuma yao haukuwa umesonga hata kidogo.

Kwenye simu nilikuwa nimeshazifuta pia, nipate nafasi ya video za mtoto. Bahati yangu, pipa la takataka la kompyuta lilikuwa halijamwagwa. Nikazirudisha zote, nikaondoa alama za vitu vilivyosogea, zile nilizoweza kuona, nikalegeza kikomo cha kosa. Pikseli tatu. Jiko likatokea limepinda upande, vigoda viwili mahali pa kimoja, lakini masizi ni yaleyale. Nililia kama mtoto wangu.

Nikampelekea shosho, anakokaa sasa kwa anko. Akatazama muda mrefu, akapitisha kidole kwenye kioo, pale pa moto.

"Na huyu wa ufagio, mbona ana mikono mitatu?"

"Ni wewe, shosho. Ulikataa kutulia."

"Mitatu! Na bado hukunisaidia kufagia."