Ndugu na Ndugu, Meza Moja

Jumatatu moja asubuhi, wakati wa vita vya pili vya nchi yetu, tulimpoteza Neema, mwanafunzi wangu katika shule ya mtaa wa Cimpunda. Naikumbuka siku hiyo, mwanangu unayekwenda kufundisha, ijapokuwa ningependa kuisahau.

Nilikuwa mwalimu kijana. Wageni walikuja kutuonyesha njia mpya ya kufundisha: watoto wazunguke meza kwa vikundi, kila mmoja na wa uwezo wake. Ilizaliwa Ulaya, ikapita nchi jirani, ikafika kwetu na picha zake nzuri. Mgeni njoo, mwenyeji apone, niliipenda kweli. Lakini kwetu, tangu vita vianze, ndugu wa darasa moja walikaa benchi moja, ili wakimbie pamoja. Mimi nikawatenganisha. Neema nikampeleka kwa wenye akili, karibu na dirisha. Mdogo wake Bahati, aliyesoma kwa shida, nikamweka nyuma, mlangoni.

Maman directrice, mkuu wetu wa shule, akachungulia.

"Mwalimu, weye unatosha mutoto kwa dada yake, unabatenganisha?"

"Maman, kule Ulaya njo banafanyaka hivi."

"Aa! Na kule Ulaya yako, masasi inaliaka saa ngapi?"

Walimu waliofuatana naye wakacheka kusikia risasi zikiulizwa saa. Nami nikacheka, kwa dharau, nikaviacha vikundi vilivyo.

Jumatatu hiyo risasi zikalia. Nilimshika Bahati mkono, tukakimbia na kikundi chake. Neema alitokea dirishani, salama kabisa. Alipotazama asimwone mdogo wake, akarudi ndani kumtafuta chini ya meza. Risasi ilimkuta humo.

Majuto ni mjukuu. Wangu nimezeeka naye. Wala njia ile haikuwa mbaya. Shule ilipofunguliwa tena, maman aliendelea na vikundi vilevile, ila ndugu na ndugu meza moja. Mkubwa akamfundisha mdogo, na watoto wakasoma vizuri kuliko zamani. Ningeweza kufanya hivyo tangu mwanzo.

Mwanangu, wazo jema likitoka mbali, lipokee. Lakini uliulize kwanza: kule ulikozaliwa, watu waliogopa nini? Kisha muulize mwenyeji, yeye anaogopa nini. Mungu akulinde wewe na watoto utakaokabidhiwa, akupe na ulimi wa kusema kweli, ambao mimi niliukosa. Maana msibani, mama yake Neema, asiyejua kwamba ni mimi niliyewatenganisha wanawe, alinishika mikono yote miwili.

"Aksanti, mwalimu. Bila weye, na Bahati naye angeenda."

Nikamjibu, "Ile njo kazi yetu, maman."