Picha ya Kwanza ya Dagaa wa Rebeka

Dhara aliolewa kwenye familia yenye studio ya picha Nyamagana, na kwa miaka mingi kazi yake ilikuwa kunyoosha kola za watu na kuwaambia wainue kidevu. Simu za kamera zilipofika kwa kila mtu, studio ikakosa wateja. Mumewe akaigeuza duka la vifaa vya shule. Yeye akabaki na picha, ila sasa alizipanga Instagram. Wafanyabiashara walimtumia picha zao, naye akazichagua, akaziwekea maneno, akaziunganisha ziwe posti moja ambayo mtu huivuta kwa kidole, picha baada ya picha, hadi ya mwisho yenye namba ya simu.

Alikuwa na kanuni moja: tatizo litangulie. Picha nzuri watu huipita, lakini kwenye balaa husimama.

Ndivyo alivyompangia Rebeka, muuza dagaa wa Igombe. Rebeka alikausha dagaa wake kwenye vichanja vya wavu vilivyoinuliwa kutoka ardhini, na alitaka watu wajue. Dhara akatanguliza picha ya dagaa wa mtu mwingine waliotapakaa mchangani, kuku akikatiza katikati yao, na maneno makubwa: “Unakula mchanga?” Pembeni likakaa jina la Rebeka, kama kwenye picha zote. Vichanja vilikuja kwenye picha ya pili.

Posti ilisambaa kuliko zote alizowahi kutengeneza. Watu wasiomjua walimpigia wakitaka “kama ile ya dagaa.”

Kisha Rebeka naye akapiga simu, akimwita Dhara kwa jina la mwanawe.

“Mama Kushal, umeniua.”

“Nimekuua vipi tena, dada?”

“Pius wa Usagara kakataa mzigo. Anasema dagaa wangu wanalala na kuku.”

Pius alikuwa na duka pale njia panda, na ndiye aliyechukua sehemu kubwa ya dagaa wa Rebeka. Mtu alikuwa amekata ile picha ya kwanza peke yake na kuirusha kwenye grupu la wasapu la wafanyabiashara.

“Si angevuta aone ya pili?”

“Avute nini? Kaletewa moja!”

Dhara akaifungua posti na kuitazama picha ya kwanza kana kwamba hazikuwepo nyingine. Mchanga, kuku, jina la Rebeka. “Twende kwa Pius,” akasema.

Wakaenda Usagara wote wawili na mfuko wa dagaa. Pius aliwapokea akicheka.

“Karibuni. Mbona kuku mmemwacha?”

“Pius, acha utani, nina watoto wa kulisha,” Rebeka akasema.

Pius akachota dagaa, akawasugua viganjani juu ya sahani nyeupe, akamtafuna mmoja taratibu. Sahani ilibaki safi.

“Dagaa sina ugomvi nao. Lakini mteja akinionyesha ile picha, nianze kumweleza kwamba kuna nyingine nne zinafuata? Mimi hapa nauza na sukari, nayo wataihofia.”

“Unataka tufanye nini, kaka?” Dhara akauliza.

“Ile ya kuku itoke. Halafu mnipe ya kumjibu mtu.”

Rebeka akajishughulisha na kufunga mfuko. Dhara alijua wateja wapya wote wa kazi yake walimjia kupitia posti ile. Akatoa simu, akaifuta posti palepale kwenye kaunta. Kisha akamwambia Rebeka, “Kesho nitakuja Igombe mwenyewe. Picha za kutumiwa basi.”

Alimpiga picha Rebeka akigeuza dagaa, mkono mmoja ukipita chini ya wavu ili nafasi ionekane. Nyumbani alimwonyesha mumewe kila picha peke yake na kumuuliza anaona nini. Kila aliposema “labda,” Dhara aliiondoa picha hiyo. Zikabaki tatu, na hakuna iliyokuwa na mchanga. Akaziposti, na Pius mwenyewe ndiye aliyeirusha ya kwanza ya hizo mpya kwenye lile grupu.

Baada ya siku kadhaa Rebeka akapiga.

“Posti yako imepoa, mama Kushal. Hata wa kututukana hakuna.”

“Naona. Na Usagara?”

“Kachukua gunia moja. Anasema likiisha bila maneno, ataongeza.”

“Lini litaisha?”

“Kaanza kuwapimia wateja leo asubuhi. Nilikuwepo. Mama mmoja kanunua, kaangalia simu yake, kaniangalia mimi, kaondoka nao.”

“Hakuuliza kitu?”

“Kauliza bei tu.”