Mshindwa Mwenye Bahati

Siku yangu ya kwanza kazini sikugusa raketi. Kocha Mkuu wa klabu ya tenisi, Muganda mpole ambaye l na r zilibadilishana viti kinywani mwake, alinipa ufagio nikafagie korti. Korti zetu zilikuwa za udongo mwekundu, na udongo usipofagiwa na kunyunyiziwa maji, mpira huruka unavyotaka wenyewe. "Kwanza jua uwanja," aliniambia. "Mpila atakuja." Nilinuna. Nilikuwa bingwa wa shule, binti wa Kinubi kutoka Nakawa, hapa Kampala, mwenye majivuno ya kutosha mtaa mzima, na hapa nageuzwa mfagizi.

Baadaye nilipandishwa, nikawa mtu wa kupigiana mipira na wanachama. Hiyo nayo ni kazi ya adabu. Unampa Mheshimiwa mpira anaouweza, kisha unamwacha ashinde bila yeye kujua ameachiwa. Meneja wa klabu alinionya mapema, "Zamzam, mtu akitoka hapa na furaha, kesho narudi." Nilijifunza kukosea vizuri, ufundi ambao ulinichukua muda kuusahau nilipoanza kucheza kwa ajili yangu mwenyewe.

Ninyi mnaoshika raketi leo mnawajua wale wa kwenye televisheni. Chini yao, chini kabisa, tulikuwepo sisi. Tulikwenda Nairobi, Kigali na Dar kwa basi, tukilala wawili wawili kitanda kimoja. Kule unaanzia kwenye mchujo, yaani mechi za wasio na nafasi. Ukiupita wote unaingia droo kuu, yaani mashindano yenyewe, na ukishinda mechi moja ya droo kuu unapata pointi. Pointi ikikuangukia, jina lako linaingia kwenye orodha ya wachezaji wa dunia, hata kama ni mkiani. Niliitaka pointi hiyo kuliko nilivyotaka kuolewa. Mama yangu, aliyeuza vitunguu sokoni, aliniuliza, "Sasa hiyo pointi, watu nakula na nini?"

Mimi nilikuwa fundi wa kushindwa mechi ya mwisho ya mchujo. Mtu wa namna hiyo huitwa mshindwa mwenye bahati, na bahati yenyewe ni hii: mchezaji wa droo kuu akijitoa kabla mpira wa kwanza haujapigwa, wewe unaingia mahali pake. Akishaanza mechi ndipo akashindwa kuendelea, hupati kitu. Kwa hiyo unakaa karibu na meza ya Mwamuzi Mkuu tangu asubuhi, viatu vimefungwa, unangoja. Mwamuzi tuliyekuwa naye miaka ile alikuwa mama Mkenya asiyecheka ovyo. "Nikiita jina lako na haupo," alituambia, "naita mwenye anakufuata."

Sasa jiulizeni, mtu huyo anapoinua mikono kuomba dua, anaomba nini? Anamwomba Mungu mwenzake aumwe. Si sana, kifundo tu kiteguke, au tumbo limvuruge kidogo. Niliomba hivyo Nairobi, nikaomba Kigali. Mungu hakunisikiliza.

Kisha yakaja mashindano ya hapa hapa Kampala. Nilishindwa mchujo kama kawaida yangu, nikawa wa kwanza kwenye foleni ya washindwa. Aliyekuwa amepita ni Akello, rafiki yangu, binti wa askari polisi kutoka Gulu, tuliyekuwa tukifanya naye mazoezi. Asubuhi ya mechi yake nilimkuta nyuma ya vyumba vya kubadilishia nguo, amejifunika taulo mbili na jua linawaka. Alikuwa ametoka kutapika.

"Mwili yote nauma," alisema. "Zamzam, wewe naona aje? Niingie ama niache?"

Moyo wangu uliruka kwa furaha. Nasema ukweli, furaha ilifika kwanza, huruma ikaja nyuma yake ikihema. Nikimwambia aache, nitaingia mimi. Nikimwambia acheze, atazirai kortini na mimi nitabaki kitini. Hapakuwa na jibu safi ambalo lingetoka kinywani mwangu.

"Usiulize mimi," nilimwambia. "Hapa unampa fisi bucha. Ngoja niite Kocha."

Kocha Mkuu alikuja, akamgusa shingo kwa mgongo wa mkono. Hakufikiri hata kidogo. "Huyu nakwenda hospitali ya Mulago sasa hivi, mimi nampereka," alisema. Kisha akanigeukia. "Wewe nabaki. Piga mpila, usiangaria mtu."

Nilishinda mechi ile. Msiniulize vipi, maana nakumbuka vumbi tu, na kwamba nililia tulipokuwa tukibadilishana pande. Sikungoja kupongezwa; nilipanda bodaboda na nguo zangu za mchezo hadi Mulago. Njia nzima niliogopa kwamba safari hii dua zangu za zamani zilikuwa zimefika.

Akello alikuwa ameketi kitandani, dripu mkononi, soda mkono wa pili. Ilikuwa malaria, na daktari alisema angeingia kwenye jua lile yangekuwa mengine. Nilikaa sakafuni.

"Umeshinda?" aliuliza.

"Nimeshinda."

"Basi malaria yangu haikupotea bure. Hiyo pointi nusu ni yangu."

Pointi huishi mwaka mmoja tu, ikafa na hiyo. Sikupata nyingine. Niliendelea kuzunguka hadi bega lilipogoma, kisha nikafundisha watoto wa shule mpaka nilipostaafu. Watu hudhani namkumbuka sana yule Zamzam wa kwenye orodha ya dunia. Ninamkumbuka, lakini sitaki kurudi kukaa kwenye kiti chake. Kutamani kazi yako kwa moyo wote ni jambo zuri, vijana wangu. Kutamani mwenzako aanguke ili uipate kunachosha roho, na hakuna kocha atakayewafundisha kupumzika baada yake.

Wiki iliyopita jirani yangu alinipigia simu kuniambia binti yake ana homa kali. Nilisikitika. Niliingia jikoni kumpikia uji, na wakati unachemka ndipo nilipogundua kwamba nimesikitika tu, basi, hakuna furaha iliyotangulia.